Ludwig Krapf: Msafiri Aliyeishia Ukingoni mwa Tana

Jina la Johann Ludwig Krapf hutajwa katika takriban kila mhadhara wa historia ya Kiswahili, na mara nyingi hutajwa kwa pupa. Sarufi ya mwaka 1850, kamusi ya mwaka 1882, hati za Kirumi badala ya za Kiarabu; kisha mhadhiri husonga mbele kwa Edward Steere na Charles Sacleux, na mwanafunzi hubakia na taswira ya mzee wa Kijerumani aliyeinamia meza. Taswira hiyo ina kasoro. Krapf alikuwa mtembezi, na maneno mengi aliyoyaandika aliyaokota njiani, aghalabu kwa miguu, akiwauliza watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kumjibu. Mmoja wao alikuwa mtu wa Embu. Habari aliyoitoa huyo Mwembu kuhusu mlima uliozikalia nchi za Embu na Meru ilikuwa sahihi, ilhali mabingwa wa jiografia wa Ulaya walikuwa wakishikilia kuwa jambo kama hilo haliwezekani.

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Inasimuliwa kwamba akiwa mwanafunzi alitazama ramani akaona sehemu kubwa ya Afrika Mashariki imeachwa tupu, akaazima kwa muuza vitabu masimulizi ya Mskoti James Bruce kuhusu Uhabeshi. Mwaka 1827 alijiunga na chuo cha wamisheni cha Basel, Uswisi, na baadaye akasomea teolojia Tübingen. Chama cha wamisheni wa Kianglikana cha London, CMS, hakikuwa na Waingereza wa kutosha waliotaka kwenda mbali, hivyo kiliwachukua vijana wa Kijerumani kama yeye.

Mwaka 1837 alifika Uhabeshi, na kuanzia 1839 akaishi Shoa katika himaya ya Mfalme Sahle Selassie. Hapo alijifunza Kiamhari na hasa Kioromo. Mwaka 1842, akisafiri kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu, alikamatwa na mtawala mmoja wa Wollo, akanyang'anywa kila kitu alichokuwa nacho, akaachwa aendelee na safari hadi Massawa kama ombaomba. Ni tukio la aibu kwa msafiri, lakini lilimfunza jambo ambalo vitabu vya Bruce havikumfunza: mgeni asiye na mali huishi kwa ulimi wake. Mwaka huohuo alimwoa Rosine Dietrich mjini Aleksandria. Walipojaribu kurudi Shoa, Rosine alijifungua mtoto wa kike njiani, nyikani. Mtoto huyo aliishi kwa muda mfupi mno. Walimwita Eneba, yaani chozi.

Njia ya Shoa ilipofungwa, Krapf aligeukia kusini. Januari 1844 alitia nanga Unguja, akapokewa vyema na Seyyid Said, ambaye alimpa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani. Katikati ya mwaka huo alikuwa ameshahamia Mombasa. Miezi miwili baadaye homa ilimwangusha yeye na mkewe kwa pamoja. Rosine alifariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto mchanga aliyekuwa amemzaa alimfuata baada ya siku chache. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa. Krapf alibakia peke yake katika mji ambao lugha yake alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuisikia.

Pengine mtu mwingine angepanda jahazi la kwanza. Krapf aliendelea na masomo. Ikumbukwe kwamba tarehe 8 Juni, wiki chache tu kabla ya msiba huo, alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin, kadhi wa Mombasa. Jambo hili halizungumzwi inavyostahili. Mwislamu msomi aliketi na mmisheni wa Kikristo akamsahihishia Kiswahili chake, na bila shaka kadhi alijua barabara tafsiri hiyo ilikusudiwa nini. Sura za mwanzo za kazi hiyo zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Aidha, Krapf alitafuta miswada ya mashairi ya kale iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1854 miswada hiyo ikahifadhiwa katika maktaba ya chama cha wataalamu wa masuala ya Mashariki huko Halle, Ujerumani. Ndani yake mlikuwamo Chuo cha Herekali. Kwa hiyo mtu yuleyule aliyeshikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa hati za Kirumi ndiye aliyesaidia kuhifadhi baadhi ya maandishi bora ya hati ile aliyoikataa.

Mwaka 1846 alijiunga naye Johannes Rebmann, na mwezi Agosti wakahamia Rabai miongoni mwa Wamijikenda. Kutoka kilima hicho walianza kutembea kwa zamu. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa njiani kwenda Uchagani bila silaha ila mwavuli, aliona kitu cheupe juu ya Kilimanjaro. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani, aliambiwa kwamba ni baridi tu. Mwanaisimu hawezi kulipita jibu hilo bila kusimama. Yule mtu hakuwa na neno la theluji, kwa kuwa katika maisha yake haikuwapo haja ya kuwa nalo, lakini alilitaja lile lililo la hakika kuhusu kitu chenyewe. Tutaona kwamba Krapf naye alipata jibu la namna hiyo, tena kamili zaidi, kutoka Embu.

Tarehe 1 Novemba 1849 Krapf aliondoka Rabai kwenda Ukambani. Mwenyeji aliyemtafuta alikuwa Kivoi wa Mwendwa wa Kitui, mfanyabiashara mkuu wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilishuka hadi Mombasa. Wakamba wakati huo ndio waliokuwa daraja kati ya pwani na nchi za mlimani. Walivuka mto Tana kwenda kwa Wambeere na Waembu, wakaleta pembe, nao wakapeleka nguo, shanga na shaba. Miaka ya ukame njia hiyohiyo iligeuka kuwa njia ya chakula: familia za Ukambani zilikwenda kuhemea nafaka kwenye miteremko yenye mvua, na wengine hawakurudi tena bali walioa na kuolewa huko. Yeyote aliyetaka kujua habari za Embu na Meru bila kufika huko, nyumba ya Kivoi ndiyo iliyokuwa mahali pa kuketi na kusikiliza.

Krapf alifika kwa Kivoi mwishoni mwa mwezi huo. Mwenyeji wake alimweleza kuwa hewa ikitakata mlima mkubwa huonekana kutoka mahali pasipo mbali na kijiji. Hewa haikutakata. Mawingu yalitanda siku baada ya siku, na mtu mwenye haraka angeandika tu aliyoambiwa akaondoka. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yalifunguka, naye akauona mlima kwa muda: vilele viwili vikubwa vilivyosimama kama pembe, na weupe juu yake. Alikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 100. Hakuna Mzungu mwingine anayejulikana kuwa aliandika habari za kuuona mlima huo kabla yake.

Jina alilolisikia kwa wenyeji wake Wakamba alilinakili kwa namna mbalimbali, Kegnia na Kenia miongoni mwazo. Waembu na Wagikuyu huuita mlima Kirinyaga; Wameru huuita Kirimaara. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu asili ya kila jina, ila wengi huyahusisha na weupe, mng'ao au madoadoa, na Wakamba hudhaniwa kulihusisha na mbuni, ndege mwenye manyoya meusi na meupe. Lililo wazi ni kwamba umbo lililoshinda ni lile la matamshi ya Kikamba jinsi sikio la Mjerumani lilivyolipokea. Umbo hilo liliingia kwenye ramani, mwaka 1920 likawa jina la koloni, na mwaka 1963 likawa jina la taifa huru. Laiti Krapf angeupandia mlima kutoka Runyenjes au Chogoria, huenda wananchi wangekuwa wakijiita kwa jina jingine kabisa.

Hapa ndipo anapoingia yule Mwembu. Krapf alimwandika kwa jina: Rumu wa Kikandi. Hilo peke yake ni jambo la kumshukuru, maana wasafiri wengi wa karne ile waliwaita waliowapa habari wenyeji tu, kana kwamba milima na mito ilijisimulia yenyewe. Rumu alieleza kwamba watu wake waliishi karibu na mlima mweupe. Yeye mwenyewe alikuwa amefika huko mara nyingi, lakini hakupanda mbali, kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichokuwa kikiporomoka kutoka juu kwa kishindo kikubwa. Krapf aliipima habari hiyo na kuona kwamba haiwezi kuwa hadithi ya kubuni. Mtu ambaye hajaona barafu inayotembea hawezi kubahatisha kwamba ina kishindo. Kutokana na maneno hayo alikata shauri kwamba mlima una mito ya barafu, jambo ambalo macho yake mwenyewe, kutoka Kitui, yasingeweza kumthibitishia.

Yafaa kuuliza Rumu alikuwa na ujuzi wa aina gani. Watu wa Embu na Meru walilima miteremko ya chini hadi ukingoni mwa msitu. Juu ya mashamba ulianza msitu wenyewe, ambao ulikuwa wa warina asali, wawindaji na watafutaji wa dawa. Juu zaidi, baada ya mianzi na nyasi za baridi, palikuwa pa Mungu, ambaye Waembu walimwita pia Mwene Njeru, mwenye mng'ao. Wageni wengi wamezoea kusema kwamba wenyeji waliogopa mlima kwa ushirikina. Maneno ya Rumu hayana ushirikina wowote. Yana joto na baridi, rangi na sauti. Ni maelezo ya mtu aliyekwenda, akaona pa kusimama, akarudi. Wala heshima kwa Mwene Njeru haikumzuia kujua kinachoporomoka huko juu na hatari yake.

Habari ilipofika London ilikutana na William Desborough Cooley. Huyu alikuwa msomi mwenye sifa, aliyeijua Afrika kupitia vitabu vya Kiarabu na Kireno na mahojiano, ilhali yeye mwenyewe hakuwahi kuikanyaga. Kwa maoni yake, theluji karibu na ikweta haikuwezekana, na Wajerumani wa Rabai walikuwa wamedanganywa na macho yao au na mawazo yao. Mwaka 1852 alichapisha kitabu kuhusu mambo ya bara la ndani ambamo aliendelea kushikilia msimamo huo. Kwa upande wa haki, shaka haikuwa dhambi. Krapf aliwahi kuandika habari za watu wafupi wa Doko, kusini mwa Uhabeshi, kama alivyosimuliwa, na simulizi hiyo ilikuwa na mambo ambayo msomaji makini asingeyameza. Hali kadhalika, miaka michache baadaye Rebmann na mwenzake Jakob Erhardt walikusanya habari za wasafiri wa pwani wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno ndani ya bara, wakiwa wameunganisha maziwa kadhaa kuwa moja. Kuuliza njiani kuna makosa yake. Tofauti ni kwamba ramani ile iliyokosewa iliwachochea akina Burton na Speke kwenda kutazama mwaka 1857, ilhali usahihi wa Cooley wa mezani haukumpeleka mtu popote.

Krapf alirudi Ulaya mwaka 1850. Huko Tübingen ulichapishwa muhtasari wake wa sarufi ya Kiswahili, msamiati wa lugha sita za Afrika Mashariki, na Injili ya Marko kwa Kikamba, yote mwaka huohuo. Lugha za Embu na Meru hazimo katika zile sita. Ni pengo linaloeleweka, kwa kuwa hakuwa amefika huko, na yamkini ndilo mojawapo ya mambo yaliyomrudisha njiani mara moja.

Safari ya pili ilianza Rabai tarehe 11 Julai 1851. Wanyang'anyi waliushambulia msafara nyikani. Wapagazi walitaka kurudi. Hata hivyo Krapf aliishia tena kwa Kivoi. Mwenyeji alikuwa akijiandaa kwenda Tana kwa biashara ya pembe, na Krapf alifuatana naye. Ng'ambo ya mto ndiko ilikoanza nchi ya Wambeere, na juu yake Embu. Kwa mara ya kwanza ilionekana kwamba angefika kwa watu wa Rumu.

Tarehe 27 Agosti, zikiwa zimesalia hatua chache kuufikia mto, msafara ulivamiwa. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu waliokuwa karibu naye. Krapf alifyatua bunduki hewani, kwani hakutaka kumwaga damu ya mtu, kisha akakimbia na kujikuta peke yake porini. Kiu ilimzidi hata akawa anatafuta mto kwa kufuata mstari wa miti ya kijani kibichi. Aliufikia Tana, akanywa. Hakuwa na kibuyu, hivyo alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba. Ukingo wa pili ulikuwa mbele yake. Leo abiria anayetoka Kangonde kwenda Embu huvuka Tana penye bwawa la Kamburu, na wengi huwa wamesinzia. Krapf aliutazama mto huo akiwa hana mwenyeji, hana chakula, hana hata mtu wa kumtambulisha ng'ambo. Akageuka nyuma.

Alitembea usiku na kujificha mchana, akila majani na chochote kilichotafunika. Alipofika kwa ndugu wa Kivoi mambo hayakuwa afadhali. Walimwuliza iweje mgeni arudi hai ilhali mwenyeji wake amekufa. Kwa desturi waliyoijua wao, aliyefuatana na mkubwa alipaswa kumlinda au kufa naye. Krapf katika maandishi yake analitazama swali hilo kama tishio tu, na kweli alihofia maisha yake hata akatoroka usiku. Lakini lilikuwa swali la haki, na hakuna mahali ambapo alilijibu vya kutosha. Kivoi alikuwa amempa nyumba, ulinzi, lugha na mlima. Bila Kivoi hakuna tarehe 3 Desemba. Krapf alifika Rabai mwezi Septemba, ambako tayari walikuwa wamesikia kwamba amekufa.

Hakwenda tena upande huo. Mwaka 1852 alizuru Usambara kwa Mfalme Kimweri, mwaka 1853 afya ikamrudisha Ulaya. Masimulizi ya safari zake yalitoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860. Alirudi pwani kwa muda mfupi mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti walioanza kazi Ribe. Ilipofika vita vya Waingereza dhidi ya Mfalme Tewodros mwaka 1867, alichukuliwa kuwa mkalimani, akaugua na kuachia njiani. Miaka iliyobaki aliitumia Korntal, karibu na Stuttgart, akipanga vijikaratasi vya maneno. Yeyote aliyewahi kuifungua kamusi yake hujua kwamba haisomeki kama kamusi za sasa. Chini ya neno la kawaida la Kimvita huweza kupatikana maelezo marefu ya chakula, jahazi, ndoa au uganga. Hapana budi kukiri pia kwamba baadhi ya maelezo hayo yana dharau ya mmisheni kwa imani za watu aliowaishia nyumbani. Vyote viwili vimo, na anayeitumia kamusi hiyo hulazimika kuvipokea pamoja.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata. Mwaka 1883 Joseph Thomson aliuona mlima kutoka Laikipia na kuthibitisha theluji yake, na tarehe 13 Septemba 1899 Halford Mackinder na viongozi wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian, mita 5,199, baada ya kukata ngazi katika barafu ileile aliyoisema Rumu. Thomson na Mackinder wote wawili waliufikia mlima kwa upande wa magharibi. Upande wa Embu na Meru, ambako habari ya kishindo ilitoka, haukuwa katika njia yao.